Kilichofichwa Hakijafutwa: Fungua Shiti Zote Kabla ya Kutuma Orodha

[Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu]

  Kama una kalamu iweke karibu, maana leo kuna hatua za kuandika.

Leo tunazungumzia jambo la kompyuta linaloonekana dogo, lakini lina uzito katika maisha ya mkimbizi: shiti zilizofichwa ndani ya faili la orodha. Tutajifunza jinsi ya kuficha shiti, jinsi ya kuirudisha ionekane, na jinsi ya kujua kama faili ulilonalo limebeba kitu usichokiona.

Labda unasema, "Mimi sina kompyuta, hayo hayanihusu." Subiri kidogo. Hesabu orodha ambazo jina lako limo. Orodha ya mgawo wa chakula. Orodha ya shule ya watoto. Ya kliniki. Ya kikundi cha kuweka na kukopa. Ya mafunzo ya cherehani. Nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwenye kompyuta, na mara nyingi aliyeziandika ni mtu unayemfahamu: kiongozi wa bloku, mfanyakazi wa motisha, katibu wa kikundi. Faili hilo likifika pasipotakiwa, linafika na jina lako. Kwa hiyo kipindi hiki ni cha wote wawili, anayeandika orodha na anayeandikwa.

SEHEMU YA KWANZA: SHITI NI NINI?

Programu za kuandika orodha na mahesabu ni kadhaa. Inayojulikana zaidi ni Excel ya Microsoft. Ipo pia Google Sheets, inayotumika kwenye intaneti, na LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure na inapatikana kwenye kompyuta za vituo vingi vya mafunzo. Zote tatu hufanya kazi kwa namna inayofanana.

Lifikirie faili moja kama daftari. Daftari lina kurasa, na kila ukurasa tunauita shiti. Ukitazama chini ya kioo utaona vijina vimepangwa kuelekea kulia: hivyo ndivyo vichupo. Kila kichupo ni mlango wa shiti yake. Ukibofya kichupo, shiti yake inafunguka.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katibu ana faili moja lenye shiti nne: "Wanachama", "Hisa", "Mikopo" na "Mfuko wa jamii". Kwenye "Wanachama" kuna majina, namba za simu na bloku anakoishi kila mmoja. Kwenye "Mikopo" kuna nani anadaiwa na kiasi gani. Faili ni moja, lakini siri zilizomo hazilingani. Kila mwanachama anaruhusiwa kujua jumla ya fedha za kikundi. Si kila mtu wa kambi anatakiwa kujua deni la jirani.

Shiti moja ya Excel ina nafasi ya mistari 1,048,576. Hiyo inatosha majina ya kambi nzima, na nafasi nyingi zikabaki. Kwa hiyo faili linaloonekana jepesi kwenye simu yako linaweza kuwa limebeba watu maelfu.

SEHEMU YA PILI: KUFICHA SHITI

Kuficha shiti si kosa, na kuna sababu nzuri za kufanya hivyo. Katibu ana shiti za miezi kumi na miwili, lakini leo anahitaji ya mwezi huu tu. Mwalimu ana shiti ya fomula ambayo hataki mtu aiguse kwa bahati mbaya. Ukificha, meza inakuwa safi na kazi inakwenda haraka. Mahesabu hayaharibiki, kwani shiti iliyofichwa inaendelea kutoa namba zake kwa shiti nyingine kama kawaida.

Hapa ndipo kuficha kunapotofautiana na kufuta. Ukifuta shiti ambayo nyingine zinaitegemea, mahali pa namba panatokea maandishi #REF!, maana yake programu inatafuta kitu ambacho hakipo tena. Na kwenye Excel shiti ukishaifuta, kile kitufe cha kutendua hakiirudishi. Ndiyo maana wenye uzoefu huficha kwanza, wakafanya kazi siku kadhaa, na kufuta baadaye wakiwa na uhakika.

Hatua za kuficha ni hizi.

Kwenye Excel: weka kishale juu ya kichupo cha shiti unayotaka kuificha. Bofya kitufe cha kulia cha mausi. Orodha fupi itatokea. Chagua neno "Hide". Kichupo kinapotea.

Kwenye LibreOffice Calc: fanya vilevile, na neno la kuchagua ni "Hide Sheet".

Kwenye Google Sheets: bofya kichupo kwa kitufe cha kulia, chagua "Hide sheet".

Kumbuka jambo moja: programu haitakuruhusu kuficha shiti zote. Lazima ibaki angalau moja inayoonekana.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, huenda kompyuta yenu imewekwa Kifaransa. Kwenye Excel ya Kifaransa neno la kuficha ni "Masquer", na la kurudisha ni "Afficher". Mahali pa kubofya ni palepale.

SEHEMU YA TATU: KUIRUDISHA IONEKANE

Sasa tufungue kilichofichwa. Hii ndiyo sehemu ninayotaka uiandike kwa herufi kubwa.

Kwenye Excel: bofya kichupo chochote kinachoonekana kwa kitufe cha kulia. Tazama neno "Unhide". Kama limekolea, ujue kuna shiti iliyofichwa. Libofye, na orodha ya shiti zilizofichwa itatokea. Chagua jina, kisha bofya "OK". Kama ziko nyingi na Excel yako ni ya zamani, itabidi urudie moja baada ya nyingine.

Kama neno "Unhide" limefifia na halibofyeki, kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda hakuna shiti iliyofichwa. Au huenda aliyetengeneza faili amelifunga umbo lake ili mtu asiongeze, asifute wala asifichue shiti. Kuhakikisha, nenda juu kwenye "Review" utazame "Protect Workbook". Kama kitufe hicho kimewaka rangi, faili limefungwa, na itakubidi umuulize aliyelitengeneza.

Kwenye LibreOffice Calc: bofya kichupo kwa kitufe cha kulia, chagua "Show Sheet", kisha chagua jina.

Kwenye Google Sheets: nenda juu kwenye "View", halafu "Hidden sheets". Majina yaliyofichwa yanajipanga hapo.

Wakati mwingine utafungua faili ukute vichupo vyote havipo, hata kimoja. Usiogope, shiti hazijapotea. Kwenye Excel ya kompyuta nenda "File", kisha "Options", kisha "Advanced". Shuka chini mpaka uone maneno "Show sheet tabs", weka alama ya vema kwenye kisanduku chake, na vichupo vitarudi.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA NNE: "JINA LAKO HALIPO"

Msikilizaji, kuna sentensi ambayo kila mkimbizi anaijua na kuiogopa: "Jina lako halipo." Mama amepanga foleni tangu alfajiri, mtoto mgongoni, jua limepanda, kisha anaambiwa jina lake halipo kwenye orodha. Anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kweli, wakati mwingine jina halipo. Lakini wakati mwingine jina lipo ndani ya faili, ila halionekani kwenye kioo. Wewe unayeshika kompyuta mezani, kabla hujatamka sentensi hiyo, angalia mambo manne.

La kwanza, shiti zilizofichwa. Huenda bloku yake imeandikwa kwenye shiti yake peke yake, na shiti hiyo imefichwa. Umeshajua namna ya kuifungua.

La pili, mistari iliyofichwa. Upande wa kushoto kuna namba za mistari. Zisome kwa macho zikishuka. Zikitoka 6 zikaruka hadi 11, basi mstari wa 7, 8, 9 na 10 imefichwa. Kuirudisha, bofya kwenye kona ya juu kushoto, pale namba na herufi zinapokutana, ili shiti yote ichaguliwe. Kisha bofya namba yoyote ya mstari kwa kitufe cha kulia na uchague "Unhide".

La tatu, safu zilizofichwa. Safu ndizo zinazosimama, na zina herufi juu yake. Ukiona B kisha E, ujue C na D zimefichwa. Chagua shiti yote kama tulivyosema, kisha bofya herufi yoyote kwa kitufe cha kulia, "Unhide".

La nne, na hili ndilo linalotokea zaidi, ni kichujio. Mtu aliyetumia faili kabla yako alikuwa anatafuta watu wa zoni moja tu, akachuja, akahifadhi, akaondoka. Wewe unafungua faili na kuona zoni ile tu, unadhani ndiyo orodha nzima. Dalili yake ni rahisi: namba za mistari zimegeuka rangi ya bluu. Nenda "Data", bofya "Clear", na watu wote watarudi.

Ukimaliza hayo manne, tafuta jina kwa kubonyeza Ctrl na F kwa pamoja. Hapo Excel ina tabia moja ya kujua: kwa kawaida hutafuta kwenye shiti uliyoifungua tu. Bofya "Options" ndani ya kile kisanduku cha kutafuta, na mahali pa "Within" uchague "Workbook" ili itafute kwenye faili zima. Jaribu pia kuandika jina kwa namna nyingine, maana Nshimirimana na Nshimilimana kwenye kompyuta ni watu wawili. Kama kuna namba ya usajili, tafuta kwa namba.

Haya yote yanachukua dakika tatu au nne. Aliyepanga foleni ana haki ya kupewa dakika hizo.

SEHEMU YA TANO: KUFICHA SI KUFUNGA

Sasa tunafika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Watu wengi huficha shiti wakidhani wameilinda. Sivyo. Kuficha shiti ni kama kushusha pazia mlangoni: anayepita nje haoni ndani, lakini mwenye mkono anaweza kulifunua. Ukituma faili, unatuma na kila kilichomo, kinachoonekana na kisichoonekana. Anayelipokea anabofya mara mbili tu, na kila kitu kiko wazi mbele yake.

Usidhani ni makosa ya watu wa kambini peke yetu. Sikiliza yaliyotokea Ulaya.

Tarehe 8 Agosti 2023, polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu swali la mwananchi. Swali lilikuwa la kawaida: kuna maafisa na wafanyakazi wangapi katika kila cheo? Walituma jedwali la hesabu, na jibu likawekwa kwenye tovuti ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Lakini ndani ya faili lilelile kulikuwa na shiti nyingine iliyofichwa. Shiti hiyo ilikuwa na watu 9,483, yaani maafisa wote wa polisi na wafanyakazi wao, kila mmoja na jina la ukoo, herufi za kwanza za majina mengine, cheo, na mahali anapofanyia kazi. Faili lilikaa hadharani zaidi ya saa mbili kabla ya kuondolewa.

Ili uelewe uzito wake, jua kwamba nchi ile ilipitia miaka mingi ya mapigano, na mpaka leo kuna vikundi vyenye silaha vinavyowawinda polisi. Februari ya mwaka uleule, mpelelezi mmoja wa ngazi ya juu alipigwa risasi mbele ya mtoto wake. Wako maafisa ambao hata majirani zao hawakujua kazi yao. Siku chache baada ya kosa lile, mkuu wa polisi alisema anaamini orodha imefika mikononi mwa vikundi hivyo. Baadhi ya maafisa walihama nyumba zao. Mwezi Oktoba 2024 mamlaka ya kulinda taarifa ya Uingereza ililitoza jeshi hilo la polisi faini ya pauni 750,000.

Aliyetuma hakuwa na nia mbaya. Aliona jedwali la hesabu, akatuma jedwali la hesabu. Hakuona shiti iliyokuwa nyuma yake.

Mfano wa pili unatugusa karibu zaidi, kwa sababu unahusu watu waliokuwa wanatafuta hifadhi. Baada ya Taliban kuchukua Kabul mwaka 2021, Waafghani wengi waliokuwa wamefanya kazi na majeshi ya Uingereza waliomba kuhamishiwa huko, kwa kuwa maisha yao yalikuwa hatarini. Februari 2022, mtu mmoja wa wizara ya ulinzi ya Uingereza alituma faili kwa barua pepe. Alidhani lina watu wapatao 150. Ndani yake kulikuwa na taarifa za waombaji karibu 19,000. Wizara yenyewe haikugundua mpaka Agosti 2023, wakati sehemu ya orodha ilipotokea Facebook. Umma uliambiwa rasmi Julai 2025. Fikiria miaka hiyo yote: maelfu ya familia, baadhi zikiwa bado zimejificha, na jina lao linatembea bila wao kujua.

Sisi tunaoishi kambini hatuhitaji kufafanuliwa maana ya hayo. Wapo kati yetu waliokimbia kwa sababu mtu fulani anawatafuta. Wapo akina mama waliowakimbia waume waliowapiga, na wameandikwa kwenye orodha ya ushauri. Wapo wanaotumia dawa za kila siku ambazo hawajamwambia hata ndugu. Orodha ya namna hiyo ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, imekwisha toka mikononi mwako. Hata ukifuta ujumbe, aliyekwisha kulipakua faili analo.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA SITA: KABLA HUJATUMA

Kiongozi wa bloku, katibu, mwalimu, mfanyakazi wa motisha, hii ni kwa ajili yako. Fuata hatua tano.

Hatua ya kwanza: jiulize anayeomba anahitaji nini hasa. Kama ameomba idadi ya watoto wa shule, mpe idadi. Hajaomba majina. Kama ameomba majina, hajaomba ugonjwa wao wala namba za simu.

Hatua ya pili: fungua kila kilichofichwa. Shiti, mistari, safu, vichujio. Litazame faili zima likiwa limevuliwa mapazia yote, ili ujue limebeba nini.

Hatua ya tatu: usitume faili la kazi. Fungua faili jipya kabisa, tupu. Nakili kile tu kinachohitajika, ukibandike humo. Unapobandika, bofya kitufe cha kulia, chagua "Paste Special", kisha "Values", ili zije namba na maneno tu bila fomula zake. Angalia usinakili eneo lenye safu zilizofichwa katikati, kwa sababu hunakiliwa pamoja na jirani zake bila wewe kuziona. Ndiyo sababu tumefungua kila kitu kwanza. Na wale wanaotumia jedwali la muhtasari, lile linaloitwa pivoti, wajue kwamba linaweza kubeba nakala ya taarifa zote lilikotoka. Lenyewe pia libandike kama namba tu.

Hatua ya nne: kama anayepokea atasoma tu na hatabadilisha kitu, hifadhi lile faili jipya kama PDF na utume hiyo. PDF ni kama karatasi iliyochapwa. Hakuna vichupo vya kubofya. Hata hivyo, isome yote mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kutuma.

Hatua ya tano: lifungue faili unalotaka kutuma kana kwamba wewe ndiye uliyetumiwa. Bofya kichupo kwa kitufe cha kulia. Kama "Unhide" imekolea, simama hapo hapo, usitume.

Wenye Excel ya Windows wana msaada mwingine. Tengeneza nakala ya faili kwanza, maana msaada huu unaweza kufuta vitu usivyoweza kuvirudisha. Kisha nenda "File", "Info", "Check for Issues", "Inspect Document", halafu "Inspect". Excel itakutajia kama kuna shiti, mistari au safu zilizofichwa.

SEHEMU YA SABA: MASWALI

Tumekusanya maswali ambayo watu huuliza wakijifunza jambo hili.

"Nikiweka neno la siri kwenye Protect Workbook, si nimelinda shiti zangu?" Hapana. Hilo linazuia mtu kufichua kwa njia ya kawaida, lakini taarifa zenyewe hazijafungwa, na anayejua anaweza kulipita. Kufuli la kweli liko "File", "Info", "Protect Workbook", "Encrypt with Password". Hapo faili halifunguki kabisa bila neno la siri. Neno hilo usilitume kwenye kundi lilelile ulikotuma faili. Mpigie mhusika simu au mwambie mkionana. Na ulikumbuke wewe mwenyewe, kwa sababu ukilisahau Microsoft hawana namna ya kukurudishia.

"Naweza kuficha shiti kiasi kwamba hata kwenye orodha ya Unhide isionekane?" Ndiyo, kuna njia ya ndani zaidi inayopitia sehemu ya kuandikia programu. Na hiyo pia si kufuli, kwani anayeijua njia hiyo anairudisha vilevile. Kwetu somo lake ni moja: faili ulilopewa na mtu linaweza kuwa na shiti ambayo hata "Unhide" haikuonyeshi. Kwa hiyo faili la kupewa usilisambaze kama lilivyo. Rudi kwenye hatua ya tatu, tengeneza jipya.

"Kwenye Google Sheets je, nikificha shiti kisha nikawapa watu kiungo?" Uliyemruhusu kubadilisha faili anaweza pia kufungua kilichofichwa. Ukitaka watu waone sehemu tu, tengeneza faili lingine lenye sehemu hiyo peke yake, na kiungo chake ndicho uwape.

"Mimi natumia simu tu." Mpangilio wa simu hutofautiana, na mara nyingi simu haikuonyeshi kila kitu kilichomo. Kwa orodha yenye majina ya watu, subiri upate kompyuta ulikague faili kwanza. Kama haiwezekani, andika upya yale machache yanayotakiwa.

SEHEMU YA NANE: WEWE ULIYEANDIKWA

Tumesema mwanzoni kwamba kipindi hiki ni cha wote wawili. Basi wewe usiye na kompyuta, neno lako ni lipi?

Unayo haki ya kuuliza. Mtu anapoandika jina lako, muulize kwa heshima: orodha hii ni ya kazi gani? Nani ataiona? Mnaiweka wapi? Swali hilo si utovu wa adabu, wala si sababu ya kunyimwa huduma. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa mwaka 2015 sera yake ya kulinda taarifa binafsi za watu linaowahudumia. Sera hiyo inasema mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani, na anaweza kuomba kuziona na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.

Nchi zinazotupokea nazo zina sheria. Sheria za Kenya na Uganda za kulinda taarifa binafsi ni za mwaka 2019. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Na ukiambiwa jina lako halipo, sasa unajua la kusema. Mwambie kwa upole: "Naomba uangalie kama kuna kichujio, au shiti iliyofichwa. Naomba utafute kwa namba yangu ya usajili." Huhitaji kujua kompyuta ili kusema maneno hayo. Yakariri, mfundishe na jirani.

Ukipokea faili kwenye simu yako, ukagundua lina majina na siri za watu, usilisambaze hata kwa kuonya. Mjulishe aliyelituma, na umwambie ofisi inayohusika, kisha ulifute.

KWA KUFUNGA

Tukusanye tuliyosema. Kuficha kunasafisha meza, hakulindi siri. Kabla ya kumwambia mtu jina lake halipo, fungua shiti, mistari, safu na vichujio. Kabla ya kutuma orodha, fungua vyote hivyo, kisha tengeneza faili jipya lenye kile kinachohitajika tu. Kisichotakiwa kuonwa kisiwemo ndani ya faili.

Kazi ya wiki hii: walio kwenye madarasa ya kompyuta, fungueni faili lenye majina ya kubuni, mfiche shiti moja, kisha mpeane na mwenzako atafute iko wapi. Viongozi wa vikundi, chukueni faili moja la kikundi chenu, mbofye kichupo kwa kitufe cha kulia, muone kama neno "Unhide" limekolea. Mtakachokikuta humo, kijadilini na wanachama wenu: kibaki, kihamishiwe kwenye faili lake, au kifutwe.

 Ukimaliza nakala hii, irudishe mahali pake au mpe mwingine. Haina siri ndani yake.

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unaisha]